Mkunjo wa Pasi

Dada yangu alikuwa hakati kitambaa mpaka amuulize Mungu. Sisemi kwa mfano. Mteja analeta mita zake tatu, anapimwa, anaeleza anataka kola ya namna gani, anaondoka. Dada anatandaza kitambaa mezani, anaweka kiganja cha kushoto juu yake, anafumba macho, na mkasi unalala pembeni mpaka ajibiwe. Siku nyingine dakika mbili. Siku nyingine nusu saa, na mimi nimekaa kwenye cherehani yangu, mguu juu ya pedeli, napiga miayo nikisubiri vipande nishone. Mteja akimhimiza alikuwa na jibu moja tu: "Ngoja kwanza nimuulize." Mtaa mzima ukamwita Bi Ngoja. Yeye jina hilo alilipenda. Mimi nililichukia, maana jina lilikuwa lake na kungoja kwenyewe kulikuwa kwangu.

Na ubaya ni kwamba alikuwa hakosei. Akishika mkasi, mkono hautetemeki, kitambaa hakiendi kombo, hata kile cha hariri kinachoteleza kama kambare. Mimi ningeweza kumwomba Mungu mwezi mzima na bado bega moja lingetoka refu kuliko jingine. Kwa hiyo tuligawana: yeye mkataji, mimi mshonaji. Bila yeye duka ni cherehani mbili na vumbi.

Mambo makubwa yalikuwa na utaratibu wake. Alifunga siku tatu, akaoga, akavaa nguo safi, akakishika Kitabu kwa mikono miwili na kukiacha kijifungue chenyewe magotini. Kisha, macho yamefumbwa, akateremsha kidole. Pale kidole kilipotua ndipo jibu lilipo. Mzee mmoja wa nyumba yetu ya ibada aliwahi kumwambia kuwa Mungu si ramli, kumtegemea ni kwa moyo wote, si kwa kidole. Dada akamjibu kwa adabu kwamba moyo wake wote umo ndani ya hicho kidole. Mzee akaomba apunguziwe suruali.

Alinilea yeye. Mama alipokufa mimi nilikuwa na miaka sita, yeye kumi na tisa. Hakuolewa kwa ajili yangu, na hakuna siku hata moja aliyonikumbusha. Ningependa angenikumbusha. Mtu anayekusimanga unaweza kumchukia kwa raha.

Nilipofika miaka ishirini na mbili alikuja kuniposa mwalimu wa hesabu, mpole, meno mazuri. Dada akafunga siku tatu, akateremsha kidole, kikatua kwenye habari za nzige. Nzige wanaingia shambani, wanakula hiki, wanakula kile, wanabakiza vijiti. Akaniita, akanishika mikono, akaniambia kwa huruma ya kweli kabisa kwamba Mungu amekataa. Mwalimu akaoa jirani yetu wa nyumba ya tatu. Akamjengea nyumba ya vigae. Uharibifu pekee niliowahi kuusikia ni kwamba alikuwa anakula sana. Kila asubuhi nilipita mbele ya vigae vile kwenda kufungua duka, miaka kumi na saba, na kila asubuhi nilihesabu nzige wangu.

Basi nikawa na miaka thelathini na tisa alipotokea Fundi Cheche. Alikuwa anachomelea mageti karakana ya nyuma ya duka letu, mjane, mwanamume wa maneno machache na mikono yenye makovu madogo madogo ya cheche. Alikuja kushonewa ovaroli, akarudi kushonewa kifungo, akarudi tena na kifungo kilekile amekikata mwenyewe kwa wembe. Mimi si mtoto, nilielewa. Dada alichukua wiki tatu kuuliza. Wiki tatu nilikonda. Jibu lilipotoka kuwa ni ndiyo, nilienda chooni nikalia, halafu nikanawa uso na kurudi kazini. Harusi ikapangwa baada ya wiki sita.

Gauni alisema atanikatia yeye. Alinunua satini nyeupe, akaifunga kwenye karatasi, akaiweka kabatini ikingoja zamu yake ya kuombewa.

Ndipo macho yakaanza. Kwanza alilalamika kwamba taa ina pete. Nikamwambia hata taa ina haki ya kuolewa, akacheka. Kisha akaanza kugonga vitu vya upande, ndoo, mlango, bega la mteja. Kisha kichwa, maumivu ya kumlaza chini sakafuni mchana kweupe. Nikampeleka kwa daktari wa macho, mwanamke kijana asiyependa kuzunguka maneno. Akampima, akasema ni presha ya macho, kali. Kilichokwisha kufa ndani ya jicho hakirudi. Kilichobaki kinaweza kuokolewa kwa operesheni. Madaktari bingwa wangekuwepo hospitali kuu kwa siku kumi tu, na amemwandikia dada nafasi Jumatatu ya wiki iliyofuata. Baada ya hapo, miezi miwili asiiname, asishone, asiguse mkasi. Akairudia habari ya Jumatatu mara mbili, mara ya pili akiniangalia mimi.

Nilihesabu njiani. Miezi miwili. Wiki tano zilizobaki. Gauni halijakatwa.

Najua mnachokifikiria. Gauni lingeshonwa na fundi mwingine, au harusi ingesogezwa. Mtu aliyeolewa mapema anaona ni jambo jepesi. Mimi nilikuwa nimeshamwona mwanamume mmoja akipita mbele ya mlango wangu na kuingia wa jirani, na niliapa wa pili sitampa nafasi ya kupumua, sembuse miezi miwili. Na kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi, na nitalisema: nilitaka mara moja tu katika maisha yangu dada yangu angojee kitu kwa sababu yangu.

Njiani dada alikuwa ametulia. "Jumatatu si mbali," akasema. "Lakini ngoja kwanza nimuulize." Akaanza kufunga siku ileile. Jibu lingetoka Ijumaa asubuhi.

Alhamisi mchana alienda kwenye maombi ya akina mama. Nikafunga mlango wa duka kwa ndani. Nilikuwa najua ukurasa ninaoutaka. Neno la kungoja limo humo mara tatu, juu, katikati na chini, kidole kingekosa wapi. Nikakifungua Kitabu hapo, nikakipinda mpaka mgongo ukalia. Kikajifunga. Nikakipinda tena. Kikajifunga tena, kikaidi kama mwenyewe. Nikafanya basi kile anachofanya mshonaji kwa kitu kisichotaka kulala. Nikaipasha ile pasi yetu ya chuma, nzito, nikatandika kitambaa kikavu juu ya ukurasa, nikaupiga mkunjo katikati, taratibu, kutoka juu hadi chini, kama napiga marinda ya sketi. Nikaiacha pasi ikae juu yake mpaka ikapoa. Nilipokinyanyua na kukiachia magotini kwangu, kilifunguka hapohapo, kama mlango wenye bawaba mpya.

Ijumaa dada alivaa nguo safi. Alikuwa amedhoofika kwa kufunga, midomo imekauka. Akakiachia Kitabu, kikajifungua, kidole kikatua. Akakisogeza karibu na uso, akakiinamisha huku na huku, akashindwa.

"Nisomee," akaniambia. "Kimesema nini?"

"Kimesema ngoja."

Nadhani alitaka kusikia jingine, maana naye ni binadamu na macho yalikuwa yake. Akakifunga, akaomba tena, akakiachia. Ngoja. Akakiachia mara ya tatu. Ngoja. Machozi yakamtoka, na uso wake ukang'aa kwa namna ambayo sijawahi kuuona, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kwenye umati. "Mara tatu, mdogo wangu," akasema. "Hajawahi kunijibu mara tatu." Nami nikamletea uji.

Jumatatu ikapita. Jumatano muuguzi akapiga simu dukani kuuliza mbona mgonjwa hakufika, nafasi bado ipo mpaka Ijumaa. Dada alikuwa nyuma anaanika vitambaa. Nikasema amesafiri.

Gauni alilikata kwa mabaki ya macho yale. Alitandaza satini, akaweka kiganja, akaomba, kisha akakata uso ukiwa karibu unagusa meza, kitambaa cha maji baridi kimefungwa kwenye paji. Na hili alitaka kulishona mwenyewe, kwa mkono, mishono midogo sawasawa, kwa kuipapasa. Mimi nilikuwa namtungia uzi kwenye sindano. Mara mbili alitoka nje kutapika kwa ajili ya maumivu, akanawa, akarudi akiomba radhi kwa kunichelewesha. Kila usiku nilisema kesho nitamwambia, na kila asubuhi niliangalia gauni limefika wapi. Likawa halina mikono. Likapata mikono. Likawa halina pindo. Akalimaliza siku tatu kabla ya harusi, akalinyanyua mbele ya dirisha, akasema hili ndilo gauni zuri kuliko yote aliyoshona. Lilikuwa kweli. Kiuno kilinikaa kama nilizaliwa nacho.

Siku ya harusi alikaa mbele. Nilipopita karibu yake alinyoosha mkono akashika pindo, akalipapasa mpaka mwisho, kisha akamuuliza aliyekaa jirani yake kama maua niliyoshika ni ya rangi gani. Maua yalikuwa mekundu, makubwa, hatua moja kutoka usoni kwake.

Tulimpeleka hospitali wiki iliyofuata, mimi na Cheche. Daktari yuleyule akamulika tochi kwenye jicho la kulia, akamulika la kushoto, akaizima. Akamuuliza alikuwa wapi muda wote huo.

"Nilikuwa nangoja," dada akasema.

Daktari hakumuuliza alikuwa anangoja nini. Aliandika kwa muda mrefu, akatupa dawa ya kupunguza maumivu, akasema ya kuona hakuna.

Kwenye korido Cheche akanivuta pembeni. Mtu anayechomelea anajua habari za macho. Ana miwani mitatu na anaiogopa kazi yake. Akaniuliza haya mambo yalijulikana lini. Nikasema kabla ya harusi kidogo. Akaniangalia, si kwa hasira, kwa mshangao tu wa mtu mwema.

"Kwani si ungeniambia?" akasema. "Tungesogeza. Mimi ningengoja hata mwaka mzima. Nilikuwa nakimbilia wapi?"

Nikasema sikufikiria. Akanipapasa mgongo, akaniambia nisijilaumu.

Dada akahamia kwetu. Duka tukalifunga. Tulimpa chumba cha mbele chenye dirisha, kwa mazoea tu, na yeye kwa mazoea akawa anakaa dirishani. Hakulalamika kwa mtu yeyote. Lakini aliacha kuomba. Hakusema kitu, hakukufuru, aliacha tu, kama watu wawili wa nyumba moja wanavyoweza kuachiana salamu. Chakula akala bila kunyanyua mikono. Siku ya ibada alisema kichwa kinamuuma. Kitabu alikiweka chini ya godoro upande wa miguuni. Asubuhi alikaa mikono magotini, viganja chini, na mtu ambaye miaka thelathini hakukata hata kiraka bila kuuliza alikuwa hana tena wa kumuuliza.

Nikitaka ningemrudishia. Sentensi moja ingetosha. Nilimwona anavyonyauka kila siku kwa mwaka mzima, nilijua dawa, ninayo mdomoni, na nikawa namletea chai. Nilijiambia macho hayatarudi hata nikisema, kwa hiyo kusema kuna faida gani. Watu waoga wote ni wanafalsafa. Na ukweli mwingine ni huu: Cheche alikuwa ananipenda, na nilikuwa sijashiba.

Asubuhi moja, saa nne hivi, dada aliniita. Alisema kile Kitabu akigawe, mama wa nyumba ya pili macho yake bado mazima na chake kimechanika. Akainuka mwenyewe, akakitoa chini ya godoro, akaketi, akakifuta vumbi kwa gauni alilovaa. Kisha, bila kukusudia nadhani, mikono ikafanya ilivyozoea. Ikakiacha magotini. Kikafunguka.

Akatabasamu kwa uchungu. Akakifunga, akakiacha tena. Kikafunguka palepale. Akawa kama anataka kukifunga mara ya tatu, kisha mkono ukasimama. Kidole cha shahada kikaingia katikati ya kurasa, kwenye bonde, kikashuka taratibu kutoka juu hadi chini. Kikapanda. Kikashuka tena.

"Huu mkunjo nani ameupiga?"

Nikauliza mkunjo gani.

"Wa pasi," akasema. "Wa mkono haukai hivi. Huu umepigwa na pasi ya moto, ikaachwa juu mpaka ikapoa. Nilikufundisha mimi."

Nje Cheche alikuwa anasaga chuma cha geti letu, kelele inaingia dirishani, na nilimwomba Mungu asiache kusaga. Akaacha.

"Ni mimi," nikasema. "Kwa ajili ya gauni."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na nilitaka anipige. Nilikuwa tayari hata kumsogezea uso.

"Kwa hiyo si Yeye aliyeniambia ningoje?"

"Si Yeye."

"Una hakika?"

"Nina hakika, dada."

Akavuta pumzi, ndefu, kisha akaanza kucheka. Sikuelewa. Nilidhani akili imeruka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyo na kazi nyingine tena, akakikumbatia Kitabu kifuani, akajipiga paja.

"Mwaka mzima nimemnunia bure," akasema. "Nilidhani amenidanganya. Kumbe ni wewe tu."

Wewe tu. Nimetukanwa na wateja walevi, nimetukanwa na mwenye jengo la duka, sijawahi kuambiwa neno linalopita hilo. Akaniomba maji. Akanywa. Kisha akaweka kiganja magotini juu ya Kitabu, akafumba macho ambayo hakuwa na haja ya kuyafumba, akaanza kuomba kwa sauti. Aliomba msamaha kwa kununa. Aliomba msamaha kwa kukiamini kidole kuliko Mwenye kidole. Akamshukuru kwa chai, kwa dirisha, kwa Cheche. Nilisimama pale nikisikiliza mpaka mwisho, nikingoja anitaje, kwa laana au kwa msamaha, lolote. Hakunitaja.

Hakumwambia Cheche. Kila tukila pamoja nasikia dada anavyotafuna na nangoja. Hasemi. Siku ya ibada iliyofuata alitoka chumbani amevaa nguo safi, uso umejaa, amekuwa mtu tena. Cheche akafurahi, akasema atampeleka yeye. Dada akakataa.

"Acha mdogo wangu aniongoze," akasema. "Miaka yote nimeomba mwongozo. Nimepewa huyu."

Cheche akanitazama kwa fahari. Alidhani nimesifiwa.

Sasa ndiyo kazi yangu. Namtoa nyumbani, namvusha barabara, nampitisha sokoni, namwambia hapa kuna ngazi, hapa inama. Watu wa mtaani wanasema Bi Ngoja ana bahati ya mdogo. Mbele ya nyumba yetu kuna mtaro, si mpana, umetandikwa ubao mmoja. Siku ile ya kwanza nilifika ubaoni, nikamshika mkono, nikamwambia vuka, ubao upo, ni salama.

Hakuvuka. Alisimama ukingoni, akageuza uso kunielekea, akaweka kiganja cha kushoto juu ya mkono wangu, kimetandazwa, kimetulia, kama alivyokuwa anakiweka juu ya kitambaa cha mtu kabla ya kukikata.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nimuulize."

Akafumba macho. Pikipiki zikapiga honi, mwenye mkokoteni akatuzunguka akinung'unika, mke wa mwalimu wa hesabu akatusalimia akipita. Dakika zikaenda. Ndivyo ilivyo mpaka leo, kwenye kila mtaro, kila ngazi na kila mlango: nasema ni salama, na tunasimama hapo, mimi nimemshika mkono, mpaka Mungu amwambie kama nasema kweli.